Magauni ya Maziwa

Simu ya msiba ilinikuta nachambua mchele. Mpwa wa marehemu, kijana ambaye sijawahi kumwona, aliniambia kwamba Mwalimu Kamugisha amefariki alfajiri, mazishi yatakuwa kwao Nyakasimbi, na jina langu lilikuwa kwenye orodha ya watu aliotaka waambiwe. Nikasema poleni sana, nikauliza siku, nikakata simu, nikaendelea na mchele wangu mpaka ukaisha. Wanangu husema nina moyo wa jiwe la kusagia, na mimi sibishani nao, kwa sababu jiwe la kusagia nalo lina kazi yake nyumbani. Ila ile orodha ilinisumbua. Mwalimu Kamugisha hakuwahi kunifundisha darasani hata siku moja. Tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya themanini, mimi nikiwa na miaka ishirini, na kazi yenyewe ilikuwa kuchoma vitambaa. Tuliachana kwa namna ambayo mimi, kama ningekuwa yeye, jina la Dativa nisingeliandika kwenye orodha yoyote. Sasa kwa kuwa marehemu hana ubishi, na mimi umri umeanza kunionyesha mlango, nitausimulia mwaka huo kama ulivyokuwa.

Habari za wazazi na ukoo nitaziruka. Kila mtu ana wazazi. Inatosha kusema nilitoka upande wa Kyerwa, wakati huo wote tukiwa Karagwe moja, nikiwa na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikuwa kimenifikisha popote. Nikapata nafasi kwenye chumba cha ushonaji cha parokia moja karibu na Nyaishozi. Chumba kilikuwa kirefu, chembamba, cha bati, chenye cherehani tano za miguu zilizopangwa kufuata madirisha, na meza ya kukatia iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani. Kitasa chake kilikuwa bado kipo, na kila mgeni alijigonga nacho nyonga. Kulinukia mafuta ya cherehani na mkaa wa pasi. Saa saba tulikula ndizi na maharage kutoka sufuria moja, tumekaa kwenye majani makavu ya migomba nyuma ya chumba, na hapo ndipo nilipojifunza mambo ya dunia, maana wanawake walizungumza kana kwamba mimi ni kigoda. Walizungumza juu ya nani ameonekana kwenye foleni ya sukari Kayanga, nani ameuza kahawa yake ng'ambo ya mto, na nani kaolewa tena kabla majani ya matanga hayajakauka. Walizungumza sana juu ya sabuni. Mwaka ule madukani hakukuwa na kitu, na sabuni ilikuwa ikionekana mara moja kwa mwezi, kipande kwa kaya, ukiwahi.

Mkuu wetu alikuwa Mama Konsolata, mjane mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye wazazi wake waliingia kutoka Rwanda na ng'ombe wao na yeye bado alikuwa na ng'ombe wanne. Ndiye aliyepokea majora kumi ya kitambaa cha polista yaliyoletwa na marafiki wa parokia kutoka Ulaya. Sisi tulikiita tetroni. Kilikuwa cha buluu ya mbingu, chepesi, hakikunjamani, ukikifua asubuhi kimekauka kabla hujamaliza chai. Kwa watu waliokuwa wakivaa viraka juu ya viraka ilikuwa sherehe. Tukashona magauni ya wasichana wa shule ya msingi, majora mawili ya kwanza yakaisha, na kila Jumapili kanisa likawa la buluu.

Halafu binti mmoja wa mlima wa mbali akaungua. Jikoni kwetu ni mafiga matatu sakafuni, nyasi kavu pembeni kwa ajili ya kuwashia, na mtoto wa kike amechuchumaa anapuliza. Pindo la gauni liligusa kaa la moto. Pamba ikishika moto unaipiga kwa mkono, inageuka majivu, unabaki na hasara ya nguo tu. Tetroni iliyeyuka ikamganda muundini, na mama yake alipoivuta ikaja na ngozi. Mama Konsolata alikwenda kumwona, akarudi, akafunika majora manane yaliyobaki kwa turubai. Akasema hakuna atakayeigusa nguo hiyo mpaka apatikane mtu wa kumweleza ni kitu gani hicho.

Mtu huyo akawa Mwalimu Kamugisha, aliyefundisha kemia sekondari ya jirani, na ambaye sote tulimdhania mtu wa mjini. Alikuwa mfupi, hajafika miaka thelathini na tano, ana baiskeli na tabia ya kuongea na vitu: aliwahi kukiambia kitasa cha meza yetu, "Na wewe tutakutafutia mlango wako." Aliinua kitambaa akakivuta, akakinusa. "Huyu ni ndugu wa mafuta ya taa," akasema. "Kasomeshwa tu, akawa uzi." Akatuambia kwamba kuna chumvi ambazo zikikaa juu ya nguo moto unakosa nguvu, na baadhi yake ziko kwenye mbolea ya chumvichumvi ambayo wakulima wanaweka kwenye kahawa. Tukaroweka kipande kwenye maji ya mbolea. Maji yakateleza juu yake kama juu ya jani la gimbi. Tulipokikausha, chumvi ilipukutika mezani kama unga, na kipande kikaungua vilevile.

Alirudi baada ya wiki na wazo jingine. Stoo ya parokia kulikuwa na nusu pipa la magadi makali, yale yanayochubua mikono, mabaki ya siku parokia ilipojaribu kutengeneza sabuni mpaka mafuta yakakosekana. Akasema tatizo la uzi huu ni uso wake: mlaini mno, hauna pa kushika. Magadi kidogo, ya moto, kwa muda mfupi, yangeukwaruza uso huo mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Kisha tungehitaji gundi ya kubeba ile chumvi, na gundi aliyoitaka ilikuwa ya maziwa. Unayatoa siagi, unayagandisha kwa ndimu, unachukua mabonge meupe, unayakoroga na maji yenye magadi kidogo mpaka yanayeyuka na kuwa ute. Unatia mbolea humo, unapaka kitambaa, unakianika, halafu unakichovya kwenye maji ya shabu, ile chumvi ya kutuliza maji machafu, ili ute ugande usitoke. Kazi ya kukoroga alinipa mimi. Niliyaona kwa macho yangu mabonge yale magumu yakilainika na kupotea mara magadi yalipoyagusa, na nilikumbuka baadaye kwamba niliyaona.

Hapo ndipo tulipokwama, na si kwa sababu ya kemia. Mama Konsolata alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na ukishakipaka hayo maziwa, unakipeleka wapi?"

"Kwenye moto, Mama. Kukijaribu."

"Maziwa hayachomwi."

"Ni kidogo sana, Mama. Yamekwisha kuwa gundi."

"Yalitoka kwenye ng'ombe, au yalitoka dukani? Ukichoma maziwa, ng'ombe aliyeyatoa anakauka chuchu. Hili hata mtoto wa kwetu analijua." Wanawake wengine walikuwa wameacha kushona. Hata wale wa kabila la hapa, Wanyambo wenye migomba na si ng'ombe, walikuwa wakitikisa kichwa, maana jambo hilo lilikuwa la pande zote mbili. Mwalimu hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu. Alifikiri kidogo, akauliza kama mwiko unamshika kila mtu au mwenye ng'ombe tu. Mama Konsolata naye akafikiri. Wakajadiliana kama mahakama ya mwanzo, na hukumu ikawa hii: asiye na ng'ombe hana chuchu ya kukausha, na maziwa yakishanunuliwa kwa mtu asiyejua yanakokwenda, dhambi inabaki kwa mnunuzi.

"Wewe Mwalimu una ng'ombe?"

"Nina baiskeli, Mama."

"Dativa, kwenu mna ng'ombe?"

"Mbuzi tu, Mama."

"Basi chomeni nyinyi wawili. Nyuma ya choo, nisione."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya sayansi: kwa umaskini wa mifugo. Miezi mitano, kila Jumanne na Alhamisi mchana, tulikuwa nyuma ya choo cha parokia, mimi na Mwalimu, tukiwa na mshumaa, njiti za baiskeli za kuning'inizia vitambaa, na daftari. Kila kipande kilikuwa na upana wa vidole vitatu. Yeye aliweka moto chini, mimi nilihesabu kwa sauti na kuandika. Kitambaa kitupu: kwenye tatu kinajikunja, kwenye nne kinadondosha matone yanayowaka. Ute ukiwa mwepesi: saba. Ute mzito bila magadi ya kwanza: unabanduka kama ngozi ya nyoka. Tulijaribu shabu nyingi, shabu kidogo, pasi ya moto, pasi ya vuguvugu. Nilikuwa na furaha, na nalisema hili wazi kwa sababu yanayofuata yanaweza kukufanya usiamini. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, hata siku ya harusi, ambayo ilikuwa na mvua. Siku moja kipande cha arobaini na kitu kilivimba, kikatoa ukoko mweusi na harufu ya kwato iliyoungua, na Mwalimu alipoondoa mshumaa moto ukazimika wenyewe. Tulitazamana. Akakiambia kile kipande, "Asante, mzee." Tukarudia mara sita, ukazimika mara sita.

Alileta kipande chake cha sabuni ya mche, akakifua kitambaa kile mwenyewe kwenye beseni, akakianika, akakifua tena, mara kumi. Bado moto ulizimika. Mama Konsolata akafunua majora.

Mgeni alikuja kutoka mkoani wakati magauni arobaini yalikuwa tayari, yananing'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Ofisi yake sitaitaja. Alikuwa mtu mwema, mwenye viatu vilivyong'arishwa, na siku nzima kabla ya kuja kwake tulikuwa tukifagia. Mama Konsolata alituagiza tufunike shimo la takataka, tutoe kamba ya vitambaa vya watoto, na tubebe nyuma vile vyungu vilivyotobolewa vitako. Vyungu hivyo vilikuwa vya majivu. Nieleze, kwa ajili ya wasomaji waliozaliwa kwenye sabuni: kwetu maganda ya ndizi huanikwa yakakauka, yakachomwa, na majivu yake yakatiwa kwenye chungu chenye matundu. Unamimina maji juu, yanatoka chini taratibu, rangi ya chai, yanateleza vidoleni. Hayo yanafua kuliko sabuni. Mwaka ule kila nyumba ilifua kwa maji ya majivu, na kila nyumba ilificha. Shuleni tulikuwa tukiwacheka wasichana wenye mikono iliyopasuka kwa majivu, na waliocheka walikuwa wanaingiza yao mifukoni. Mgeni haonyeshwi majivu.

Mwalimu alichoma vipande mbele ya mgeni, ndani ya chumba kile kile, na Mama Konsolata akageukia ukutani kusoma kalenda. Mgeni alifurahi. Akasema jambo hili linaweza kupelekwa vijiji vingine. Kisha Mwalimu akaniita, daftari mkononi, mbele ya wote.

"Dativa, wewe ni mtu wa huku. Akina mama wa hapa wanafulia nini?"

Nakumbuka nilimtazama Mama Konsolata, naye alikuwa bado anasoma kalenda, mwezi uleule.

"Sabuni, Mwalimu."

"Sabuni tu?"

"Sabuni tu."

Akaandika. Mgeni akasema vizuri sana, tukanywa chai yenye sukari. Nimejiuliza kwa miaka mingi kwa nini nilijibu vile, na majibu yamekuwa yakibadilika kadiri ninavyozeeka. Nikiwa kijana nilijiambia nilitii wakubwa. Nikiwa na miaka arobaini nilikiri kwamba juma lile lile Mwalimu alikuwa ameniahidi barua ya kunipeleka chuo cha ualimu wa ufundi, na sikutaka kuonekana mshamba mbele ya mtu wa mkoani. Siku hizi naona ilikuwa aibu tu, aibu tupu, isiyohitaji sababu nyingine. Magauni yakagawiwa Jumapili iliyofuata, na Padri akatangaza kwamba ni magauni ambayo moto hauyawezi.

Nilikuwa nimepanga kwa Ma Koleta, bibi mmoja wa Kinyambo mwenye nyumba ya vyumba viwili katikati ya migomba, aliyeishi na mjukuu wake, Adela, wa miaka tisa. Nililala chumba cha nje pamoja na magunia ya kahawa. Asubuhi nilikula nao uji, jioni ndizi, na Adela alikuwa akinisomea vitabu vyake kwa sauti ya kengele mpaka bibi anaguta kwa Kinyambo, kama anayemwita mama, "Mawe! Wewe utawaamsha wafu." Adela alipata gauni la tisa. Nalikumbuka kwa sababu nilishona mifuko yake mimi, nikamwongezea wa tatu kwa siri kwa vile alikuwa mkusanyaji wa mbegu.

Wiki moja baada ya ugawaji nilimkuta Ma Koleta uani, gauni la buluu limo kwenye beseni la maji rangi ya chai. Nilisimama pale. Akaniambia, "Linateleza hili gauni lako, kama kambale. Lakini ona linavyotakata!" Kilichokuwa kikiteleza ni maziwa yetu yakiyeyuka, maana maji ya majivu ni ndugu wa magadi. Nilijua palepale, kama nilivyojua jina langu. Hata hivyo nilichukua kipande kutoka kwenye mfuko wangu wa majaribio, nikakifua mara moja tu kwenye maji yaleyale, nikakianika, na kesho yake mchana nikaenda nacho nyuma ya choo peke yangu. Nilihesabu. Kwenye nne kilidondosha matone yanayowaka.

Kile kipande nilikitupa chooni. Nikasema nitamwambia Mwalimu Alhamisi. Alhamisi alikuja na barua yangu, nusu imeandikwa, akataka kujua jina langu la ubatizo linaandikwaje. Nikasema nitamwambia Jumanne. Nilimwambia Ma Koleta, hilo nilifanya, nilimwambia alifue gauni kwa maji matupu; akanicheka. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Uchafu hautoki kwa maji matupu." Ningeweza kumwambia sababu. Zilipita wiki tatu, na kila siku ya wiki hizo nilikula nyumbani mwake.

Nilikuwa chumba cha ushonaji Adela alipoungua, hivyo niliyonayo ni ya kusikia. Ilikuwa saa kumi alasiri, alikuwa anageuza ndizi motoni. Bibi yake alikuwa akimkataza kila siku kusogea namna ile, lakini tangu gauni lile lije alikuwa ameacha kumkataza. Hili ndilo alilorudia kwa kila aliyekuja kumpa pole: "Niliacha kumwita. Walisema moto hauliwezi, nikaacha kumwita." Bila dawa yetu mtoto angesogezwa nyuma. Gauni liliyeyuka kuanzia kwapa mpaka kiwiko cha mkono wa kushoto, na upande wa shingo. Alikaa hospitali miezi. Hakufa, na mkono haukunyooka tena.

Mwalimu alikuja na baiskeli siku ya pili. Aliomba mabaki ya gauni, akayapapasa kwa vidole. Kisha akainua macho akatazama ua: mgomba, kuku, chungu kilichotobolewa kitako kikidondosha taratibu kwenye beseni. Alikitazama kile chungu kwa muda mrefu, na safari hii hakukiambia kitu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Nilingoja anigeukie. Hakunigeukia. Kwenye mkutano wa parokia alisema kosa ni lake, hakujaribu ipasavyo, na magauni yote yarudishwe. Tuliyakusanya nyumba kwa nyumba, mimi na Mama Konsolata. Mengine tulipewa, mengine tuliombwa radhi kwa sababu yalikuwa yamekwisha kukatwa vitambaa vya kichwa. Mwisho wa muhula Mwalimu alihamishiwa wilaya nyingine. Barua yangu aliniachia kwa Padri, imekamilika, imepigwa muhuri, imejaa sifa. Nilikwenda chuo kwa barua hiyo. Nimefundisha ushonaji miaka thelathini na moja, na nimestaafu kwa heshima.

Nilikwenda mazishini, basi. Nyakasimbi nilikuwa sijawahi kufika. Baada ya kuzika nilikaa na wanawake waliokuwa wakisugua masufuria kwa majivu nyuma ya nyumba, maana mimi si mtu wa kukaa mbele na wazee na hotuba. Dada yake marehemu, Ma Leokadia, bibi wa miaka themanini, alikuwa akiwasimamia kutoka kwenye kiti chake. "Nyinyi wa siku hizi mnapaka tu," akawaambia. "Angekuwapo mwenyewe angewafundisha. Huyu mnayemwita Mwalimu, mama alikuwa shambani kutwa, sare yake ya shule aliifua yeye. Maganda achome yeye, majivu achuje yeye. Sabuni sisi tumeijulia ukubwani, waitu, ndugu zangu."

Nilimwomba arudie. Akarudia, akafurahi kuwa kuna anayesikiliza. Nami nikakasirika, mazishini, mbele ya watu, nikiwa na sufuria mkononi. Alijua! Alijua tunafulia nini, na alijua kuliko mtu yeyote pale chumbani yale majivu yangefanya nini, maana ni yeye aliyenifundisha kuyeyusha mabonge kwa magadi. Aliniuliza mara mbili kwa sababu alitaka mimi niliseme mbele ya mgeni ili yeye asiliseme. Na niliposema sabuni aliandika sabuni. Nilikasirika kwa muda wa sufuria mbili. Baadaye ikaja nafuu, na hii ndiyo naona aibu kuiandika. Niliona mzigo niliobeba karibu miaka arobaini ulikuwa wa watu wawili, na nusu yake tumeshaizika.

Kwa nafuu hiyo nikapata ujasiri ambao sikuwahi kuwa nao. Adela nilikuwa sijamwona tangu mwaka ule. Nilijua, kwa kuulizauliza, kwamba ana meza ya maharage sokoni Kayanga, na basi langu lilikuwa linaondokea hukohuko. Nilimtambua kwa shingo. Yeye alinitambua kwa sauti, nilipouliza bei.

"Shikamoo, dada Dativa."

"Marahaba, mdogo wangu."

Alinisogezea kigoda. Sikukaa. Nikamwambia nimetoka kumzika Mwalimu Kamugisha. Akasema amesikia, angekuja, ila mjukuu wake anaumwa. Kulikuwa na mteja, mama mmoja, anataka kilo mbili za maharage ya njano. Adela alikuwa anachota kwa kopo kwa mkono wa kulia, wa kushoto umebana mfuko kwenye kifua. Nikaona bora niseme harakaharaka.

"Kuna jambo nimelisikia huko. Kuhusu magauni. Mwalimu alijua habari ya majivu."

"Najua," akasema Adela. "Aliniambia mwenyewe."

"Lini?"

"Zamani. Mwanangu wa kwanza nilikuwa nambeba mgongoni. Alikuja hapahapa, akakaa kwenye hicho kigoda. Akaniambia, mimi nimekulia kwenye majivu, nilijua yataitoa ile dawa, nikanyamaza kwa sababu ya mgeni. Akalia, mtu mzima vile, watu wanapita." Alifunga mfuko wa mteja kwa mkono mmoja na meno, akapokea pesa, akamwambia asante, karibu tena. "Nilimuuliza jambo moja tu. Nilimuuliza kama kulikuwa na mtu mwingine aliyejua. Akasema hapana, alikuwa peke yake."

Mteja akaondoka. Adela akafuta mikono kwenye kanga.

"Sasa wewe, dada, ulitaka kuniambia nini?"

Ningeweza kusema nilipita kusalimia. Nilikuwa na tiketi mkononi, na mtu pekee aliyeweza kunibishia alikuwa ameshanitetea kabla ya kufa. Nikavuta kile kigoda, nikakaa.

"Siku ile ya mgeni," nikamwambia, "mimi ndiye niliyeulizwa."